Mwaka Tuliomfukuza Théodore

Jumapili, 24 Februari 2019

Kitabu hiki kaniletea binti yangu Samira kutoka ofisini kwao Midrand, huku kusini kwenye mji wa dhahabu. Kina tarehe zilizokwisha pigwa chapa, utepe mwekundu wa kuwekea alama, na jalada gumu kama la mahakamani. Akaniambia kwa Kiingereza chake (Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo mtihani) kwamba hadithi zangu nimwagie humu, maana nyumbani masikio yamejaa. Haya. Mimi ni Nassir wa Ngamiani, Tanga. Nilisoma mpaka darasa la sita, na la saba nililisomea nje, dirishani, kwa hiyo mstari ukipinda silaumiwi mimi, linalaumiwa dirisha.

Leo Maziwa Makuu tumefungwa tatu bila.

Kwa asiyejua, Maziwa Makuu ni timu yetu sisi watu wa huko juu, Wakongo na Watanzania, na Mrundi mmoja golini. Tunacheza ligi ya Jumapili, daraja la kwanza, kwenye uwanja wa vumbi chini ya kile kilima cha njano cha taka za machimbo. Jina walichagua Wakongo. Nilipinga, nikasema Tanga hatuna ziwa, tuna bahari nzima, lakini kura hazikutosha. Wapinzani wanatuita Maziwa Mgando. Mimi ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Hakuna aliyenichagua, nilikuwa na sauti tu.

Kocha ni Théodore, fundi cherehani, Mkongo wa Uvira. Huyo ni jirani yangu wa kazi. Pale Marshalltown meza yangu ya mikanda na kofia iko hapa, cherehani yake iko pale, mwavuli mmoja unatufunika wote wawili. Askari wa metro, yaani wa jiji, wakija kukamata bidhaa, yeye hukimbia na mikanda yangu na mimi na cherehani yake, kwa sababu mwenye nguvu ni mimi. Cherehani yenyewe ni chuma cha zamani. Niliwahi kupita nayo robot tatu, yaani taa tatu za barabarani, bila kupumua, na mkono wa pili nikimenya chungwa.

Dakika ya sabini imeshuka mvua ya mawe, kila jiwe yai la bata. Refa alijificha chini ya gari. Bao la tatu tulifungwa kipa wetu akiwa amejifunika ndoo.

Jumapili, 3 Machi

Moja bila. Mvua.

Jumapili, 10 Machi

Sare. Nimepiga kelele mpaka sauti imekatika. Mwanaharusi, yule wa mgahawa, kanipa tangawizi.

Jumanne, 19 Machi

Umeme hakuna, wamekata tena. Tulikusanyika kwa Mwanaharusi, Newtown. Ni mama wa kwetu Tanga mwenye mgahawa mdogo, chapati zake unaweza kusomea gazeti upande wa pili. Mashabiki wa Maziwa Makuu hapo ndipo bunge lao.

Zabibu, yule muuza vitenge, ndiye aliyeanza. Zabibu akinong'ona anasikika stesheni.

"Timu haina kocha ile. Ina fundi nguo."

Gaston akamjibu. Gaston ni kinyozi, mtu wa Lubumbashi, mpole mpaka unataka kumfinya; dada mkubwa kwao ni yaya. "Yaya Zabibu, fundi anajua kupima."

"Apime suruali! Mpira unapimwa kwa mabao."

Watu wakacheka, wakanigeukia mimi mwenyekiti. Nikawaambia kocha mzuri ni yule anayeogopwa. Nikawapa kisa cha kocha wetu wa Tanga ambaye akipiga mluzi, kunguru wa Ngamiani nzima walitua chini na kujipanga mstari. Wakacheka mpaka mshumaa ukazimika.

Nikirudi nyumbani nimekumbuka kwamba jambo moja sikulisema. Mlango wa nyuma wa mgahawa ule, pazia lake kalishona Théodore bure.

Jumapili, 31 Machi

Mbili moja. Tuliongoza sisi. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 1 Aprili

Chini ya mwavuli nilimfikishia Théodore maneno ya mashabiki. Sikuyafikisha yote, niliyachuja kama tui.

"Mukubwa," akasema, uzi mdomoni, "bo banasema nini ingine?"

"Wanasema huna ukali."

"Batoto bale banafanya kazi juma nzima. Duni analinda ghala usiku kule Midrand. Pitchou anabeba mizigo. Jumapili ni siku yabo moja ya kucheka. Nibagombeze tena?"

"Kocha lazima agombe."

"Weye ugombe," akasema. "Weye uko na sauti." Akaendelea kushona.

Nilijisikia nimesifiwa. Mpaka jioni ndipo nikawa sina hakika.

Jumapili, 14 Aprili

TUMESHINDA. Nilisema tangu Ijumaa.

Jumapili, 28 Aprili

Tumefungwa. Baridi imeanza, nyasi za kilimani zimekuwa rangi ya mkate. Tuko wa tatu kutoka chini, na wawili wa chini ndio wanaoshuka daraja.

Jumapili, 5 Mei

Sare. Keshokutwa, mwezi ukiandama, tunafunga.

Baada ya mechi vijana walikuja kunywa chai. Duni, kiungo wetu, kijana wa Unguja mwenye miguu miepesi kama kuku wa kienyeji, akaniuliza mbele ya watu wote:

"Anko Nassir, hivi mtu akifunga anaweza kumaliza mechi?"

Nani asingejibu? Nikawapa fainali ya mkoa. Joto la Tanga, misumari ya mabati inatoka jasho. Nimefunga, sijala daku hata punje. Dakika tisini zikaisha, tukaongezewa thelathini. Ya mwisho kabisa nikaupiga kichwa kutoka katikati ya uwanja, mpira ukapasuka vipande viwili, kimoja kikapaa juu ya goli na kimoja kikaingia. Refa akafikiri sana, akakubali bao, kwa sababu kilichoingia ndicho kilichokuwa na vali. Magharibi nikafungua kwa tende moja, nikaenda zangu kuswali kwa mguu.

"Mwanamume anayetoka uwanjani kwa ajili ya swaumu," nikamalizia, "huyo ana jambo lingine, si swaumu."

Zabibu alicheka akapiga meza. Wote walicheka. Duni alitabasamu akatazama chai yake. Nikadhani hakuelewa ile ya vali.

Jumatano, 8 Mei

Wenyeji wanapiga kura leo, mji kimya. Swaumu ya huku ni fupi lakini baridi inakula tumbo. Théodore ameanza kutokula mchana akiwa mezani. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema anakula kwake jioni, na mkewe Léocadie.

Jumapili, 12 Mei

Hebu niandike vizuri, maana hapa ndipo palipoanzia.

Mapumziko tunaongoza moja bila. Duni kacheza kama mtu mwenye mapafu manne. Kipindi cha pili kinaanza, namtafuta Duni, simwoni. Kavaa koti, kakaa benchi. Na pembeni yake wale vijana wetu wawili wa Tanga, wote nje. Walioingia ni Wakongo watupu, mmoja wao yule Elisée ambaye mpira ukimjia anaupisha kama mgeni wa heshima.

Tukafungwa tatu.

"Umeona?" Zabibu akanishika bega. "Watatu! Wote wa kwetu! Mwaka mzima hakuwatoa, leo ndiyo kawaona wabaya?"

"Inawezekana wamechoka," akasema Gaston.

"Wamechoka nini na Duni alikuwa anapaa? We Gaston unasema hivyo kwa sababu ni mwenzako."

Gaston akavua kofia. Akaizungusha mkononi.

Nilimfuata Théodore pale kwenye mstari. "Kocha, vipi?"

"Ni uamuzi, mukubwa."

"Sababu?"

"Ni uamuzi," akarudia, na hakunitazama machoni. Mtu tuliyekaa naye chini ya mwavuli mmoja miaka sita! Jambo hilo ndilo lililonichoma, zaidi ya mabao.

Jumanne, 14 Mei

Hatukuongea sana leo. Nimeuza kofia mbili za sufu.

Jumapili, 19 Mei

Mapumziko tunaongoza mbili bila. Nikasema safari hii hatathubutu. Kathubutu. Duni nje, wa Tanga nje. Tukafungwa tatu mbili, bao la mwisho Elisée akiwa anafunga kamba ya kiatu.

Upande wetu wa uwanja ukalipuka. Ilianza kwa Zabibu, "Fukuza!" kisha wote, "Fu-ku-za! Fu-ku-za!" Watoto waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili hawakisemi, neno hilo walilisema sawasawa. Théodore alisimama kwenye mstari, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri basi. Léocadie, mkewe, alikuwa pale na blanketi lake begani. Alikusanya chupa tupu moja moja, hakuinua kichwa.

Baada ya futari tukakaa kwa Mwanaharusi. Timu yetu ina desturi yake. Kocha hafukuzwi na viongozi, anafukuzwa na mashabiki kwa kunyoosha mikono, na yeye mwenyewe haitwi. Wazee waliotangulia walisema kumwita mtu aje aone mikono ya rafiki zake ni ukatili.

Gaston akasema, "Tumuulize kwanza sababu."

"Akiulizwa atajitetea," Zabibu akamkata.

"Si ndiyo maana ya kuuliza?"

"Gaston, timu inashuka daraja! Zimebaki mechi mbili!"

Wachezaji walikuwa wamekaa ukutani. Duni alifungua mdomo, nikamwona, kisha akaufunga. Nikadhani anaogopa kumchongea kocha wake.

Mikono ikapanda. Wakongo pia walinyoosha, Pitchou mwenyewe alinyoosha. Wangu ulipanda. Naandika hivi, kana kwamba ulipanda wenyewe.

Kisha likaja la pili. Nani atafundisha? Halafu nikaona shingo zinageuka, moja, mbili, zote, kuelekea kwangu.

"Anko," akasema Zabibu, "si ulituambia ulifundisha timu tatu kule Tanga?"

"Nne," nikasema.

Wallahi lilitoka lenyewe.

Jumatatu, 20 Mei

Desturi inataka mtu mzima apeleke habari. Mtu mzima ni mimi.

Asubuhi nilipanga mikanda kwa rangi. Nikaipanga kwa urefu. Nikairudisha kwa rangi. Upepo ulikuwa unakata, watu wanapita wamezika shingo kwenye makoti, hakuna anayenunua. Théodore alikuwa anashona sketi ya shule.

"Mukubwa Nassir," akasema bila kusimamisha gurudumu, "sema tu. Tangu asubuhi uko nazungusha mikanda kama mutu anatafuta mulango."

Nikasema. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kiungwana, ina methali mbili ndani yake. Iliyotoka ni, "Jana walinyoosha mikono."

Gurudumu likasimama.

"Bote?"

"Wengi."

"Na wa kwako?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Mimi ambaye kwa ulimi huu niliwahi kumtoa mtu kituo cha polisi, nikaanza kukunja mkanda. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Alitazama barabarani mpaka robot ikabadilika na kubadilika tena. Kisha akavuta mfuko wa mipira kutoka chini ya cherehani, akauweka mezani kwangu juu ya mikanda.

"Nani anachukua?"

"Mimi."

Niliogopa atacheka. Heri angecheka. Alinitazama kwa namna ambayo fundi hukitazama kitambaa kabla ya kukata.

"Basi chunga batoto," akasema. "Usiangalie mupira, mukubwa. Mupira hauchoke."

Sikumwelewa. Mchana, jua liliposogea, alisimama akausogeza mwavuli upande wangu kama siku zote.

Alhamisi, 23 Mei

Mazoezi. Nimewapigia mluzi. Hakuna kunguru aliyetua.

Jumapili, 26 Mei

Niko kwenye korido ya hospitali, kiti cha plastiki. Samira yuko njiani kunichukua. Naandika ili mkono upate kazi.

Mechi ilianza saa nane. Niliwapanga wote, Duni na wale wawili wa Tanga, nikawaambia leo hakuna kutoka, leo ni siku ya wanaume. Duni alikuja moja kwa moja kutoka lindoni. Macho yake yalikuwa mekundu, nikasema ni hamasa.

Mapumziko ilikuwa bila kwa bila. Duni akaja mstarini akasimama mbele yangu. Alisimama tu, midomo myeupe imepasuka kama ganda la mhogo.

"Moyo, mwanangu," nikamwambia. "Moyo tu."

Akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili, hakuna aliyemgusa. Alikuwa anakimbia kuelekea mpira, kisha miguu ikawa inakimbia na yeye haendi, akalala chini kifudifudi kwenye vumbi. Wapinzani wakamzomea kwamba anapoteza muda. Mimi mwenyewe nikampigia kelele ainuke. Naandika hilo pia. Nilimpigia kelele ainuke.

Tulimbeba kwenye gari la Gaston. Njia nzima alikuwa anakataa maji, mpaka daktari mmoja wa kike akamkemea kwa Kizulu kama mama yake, ndipo akanywa. Wamemtundikia dripu. Daktari anasema mwili umekauka na usingizi hauna, atapona, lakini Ramadhani iliyobaki asifunge na Jumapili ijayo asicheze.

Niliruhusiwa kuingia. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa nini hukusema umechoka?"

"Nilimwambia kocha."

"Kocha ni mimi."

"Kocha Théo," akasema.

Nikavuta kiti.

Akanieleza polepole, anatazama dari. Siku ya kwanza ya mwezi, wao watatu walikwenda kwa Théodore nyumbani. Wakamwambia wanataka kufunga na wanataka kucheza, na nguvu zao zinafika mapumziko, hazivuki. Wakamwomba awatoe kila mechi, na asimwambie mtu sababu.

"Akakubali?"

"Akatuapia. Akasema na yeye mchana hatakula mpaka mwezi uishe, asije akatusahau. Siku ya mechi hata maji hanywi."

"Lakini Duni, kusema umefunga kuna aibu gani? Asimwambie nani?"

Akageuza uso ukutani.

"Usije ukasikia wewe, Anko. Wewe ulicheza dakika mia na ishirini."

Nimetoka nje nimekaa hapa. Nimesimulia mengi maishani. Nimeua chatu kwa mkanda wa suruali, nimeogelea mpaka Pemba na kurudi kwa sababu nilisahau ufunguo. Watu hucheka, chai inanywewa, inakwisha. Sikujua kama kuna mtu anayeichukua hadithi akaenda nayo nyumbani akaifanya rula ya kujipimia.

Na yule bwana akakaa chini ya mwavuli na mimi siku zote zile, njaa tumboni, namletea maneno ya mashabiki yaliyochujwa, naye anashona.

Tulifungwa moja. Nilisahau kuandika.

Jumatatu, 27 Mei

Nilimkuta amefika kabla yangu, amekwisha panga meza yangu. Habari ya Duni aliijua, Gaston kampigia.

"Unipe radhi," nikasema. Kwetu mtu huenda kuomba radhi na mzee wa kumsemea, lakini mzee mwenyewe ndiye mimi, basi nikajisemea.

"Anaendelea muzuri?"

"Anaendelea. Théodore, rudi uchukue timu."

"Batu ndio balinyoosha mikono. Siyo weye peke yako."

"Wakijua sababu watanyoosha tena ya kukurudisha."

"Nani atabambia? Mi nilipeana neno kwa batoto. Neno ile si yangu."

"Nitawaambia mimi."

"Utasema nini? Kama Duni alishindwa? Bamucheke?" Akakata uzi kwa meno. "Hapana, mukubwa. Kama unataka kusema, anza na ya kwako."

Alhamisi, 30 Mei

Baada ya futari, kwa Mwanaharusi, nimesimama.

Nikawaambia: ile fainali ya mkoa. Sikucheza. Nilikuwa nyuma ya goli naokota mipira. Na sikuwa nimefunga, nilikuwa na kikombe cha uji mkononi.

Mgahawa mzima ukaanguka kwa kicheko.

"Anko leo kaja na mpya!" Zabibu anajifuta macho. "Uji wa nini? Wa pilipili?"

"Wallahi nasema kweli."

"Na mipira uliokota mingapi?"

Nimesimama pale, watu wananitazama kwa mapenzi, wanangoja. Mungu anisamehe, mia mbili ilikuwa imeshafika ulimini. Nikaimeza. Nikasema, "Miwili. Wa tatu alichukua mtoto mwingine." Wakacheka zaidi. Kila ninavyoapa wanacheka. Uongo wangu waliuamini miaka yote, na ukweli wangu wa kwanza wakauona ndicho kichekesho bora kuliko vyote. Nikakaa chini.

Ndipo Duni akasimama. Katoka hospitali juzi, kakonda, koti linamning'inia.

"Anko anasema kweli," akasema. "Na mimi ndiye niliyemwomba kocha anitoe. Mimi na hawa wawili. Swaumu ilinishinda kipindi cha pili. Niliona haya, nikamfunga kocha kwa kiapo."

Wale wawili wa Tanga wakasimama pembeni yake. Hakuna aliyewacheka.

"Basi mbona hakusema, yule mtu?" Zabibu akauliza, sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Tulimwimbia mbele ya mkewe."

"Angesema," akajibu Gaston, "wewe ungewaita hawa batoto nani?"

Zabibu akasukuma kikombe chake pembeni. Baadaye akasema, "Anko, nenda kesho kamwambie arudi. Mwambie Zabibu kasema."

Ijumaa, 31 Mei

Amekataa. "Imebaki mechi moja. Timu ni yako, malizia."

"Utakuja hata kutazama?"

"Jumapili mi napumzika."

Sikulala vizuri.

Jumapili, 2 Juni

Tulihitaji ushindi tu. Sare tunashuka, kufungwa tunashuka.

Baridi kavu, vumbi la kilima cha njano linaingia mpaka kwenye meno. Duni kakaa benchi na blanketi. Mimi nimesimama kwenye mstari, mikono sijui niiweke wapi. Sijui nani yuko wapi wala kwa nini. Ukiwa shabiki mpira unaonekana wote, ukiwa kocha unaona miguu.

Dakika kumi wakatufunga. Ndipo nikaisikia nyuma yangu.

"Weye muzee! Uko nalala? Ule namba mbili anatembea!"

Nikageuka. Théodore alikuwa katikati ya mashabiki, bega kwa bega na Zabibu, na Léocadie nyuma yao. Anatazama mawingu kama si yeye. Namba mbili kweli alikuwa anachechemea. Nikamtoa.

"Kocha gani hajue kuhesabu! Banaingia batatu kushoto, ameweka mutu moja!"

Nikaongeza mtu kushoto.

"Ule Elisée umemupanga huko afanye nini? Alinde kona?"

Nikamsogeza Elisée mbele ya goli. Zabibu akayapokea maneno hayo, akayarusha kwa sauti yake ya stesheni, na upande mzima ukanitukana kwa pamoja. Nimetukanwa kwa Kiswahili cha Uvira, cha Lubumbashi na cha Tanga, na kwa Kizulu cha watoto. Kila tusi nikalitekeleza. Mpira ukamgonga Elisée goti, ukaingia. Moja moja!

Mapumziko nikawatoa wale wawili wa Tanga, nikawafunika makoti kwa mikono yangu. Nilitazama nyuma. Théodore alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayekubali. Kisha akaanza tena, "Muangalie ule muzee, kofia kubwa, ndani yake hamuna kitu!" Hiyo nilishindwa kuitekeleza.

Ikaisha mbili mbili. Tumeshuka daraja.

Hakuna aliyelia. Tulikaa chini kwenye vumbi, wachezaji na mashabiki, mpaka simu ya mtu ikaadhini magharibi. Mwanaharusi akapitisha tende. Théodore akachukua yake, akangoja tuliofunga tuanze, ndipo akala. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

"Kwa nyumba hasemaki vile," Léocadie akaniambia. "Sijamusikia hata siku moja. Miaka yote hii."

Théodore akanipa mkono. "Kocha mubaya kabisa," akasema kwa mkwaruzo.

"Mwaka wa kwanza," nikamjibu.

Jumatano, 5 Juni

Idi. Kwa Mwanaharusi hapakuwa na pa kuweka mguu, pilau imejaa mpaka kwenye beseni la kufulia. Wakongo wote wamekuja na nguo za kanisani. Samira amekuja, amekaa na Léocadie, wanachekeana sijui kwa lugha gani.

Katikati ya kula Zabibu kapiga meza.

"Jamani, Idi ni Idi, na timu ni timu. Tumeshuka daraja. Kocha awajibike."

Gaston akanikodolea macho. "Lakini kocha haitwi kwenye kura. Na huyu hapa anakula."

"Ameshakuja, tumfanyeje?" Zabibu akanigeukia. "Anko, utatoka nje?"

"Nina nyama mbili hapa," nikasema. "Sitoki."

"Basi. Wanaotaka Anko Nassir aondoke, wanyooshe mikono."

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Théodore, na mfupa wa mbuzi umeshikwa katikati ya vidole. Hakusita hata kidogo. Alinitazama usoni moja kwa moja, na alikuwa anacheka.

Nikaweka sahani chini, nikaunyoosha na wangu, juu kabisa, kuipita mikono yote mle ndani. Mimi ni mrefu.